Maghorofa ya Mtwara yangoja gesi

Kila msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba na fedha za minada kuanza kuingia mjini Mtwara, swali moja hurudi katika maduka ya Rahaleo: je, wakati umefika wa kushika nafasi kwenye ghorofa? Mwenye fremu moja anataka ya pili. Mwenye akiba anataka chumba cha kupangisha. Na hapo ndipo hutokea mtu mwenye mchoro wa rangi, wenye vioo vya buluu, lifti na magari yaliyoegeshwa chini ya miti ambayo haijapandwa.

Kuchora ni rahisi. Ugumu wa ghorofa refu uko kwenye fedha, na fedha hizo hutoka mifuko mitatu: mtaji wa mwenye mradi, malipo ya awali ya wanunuzi na wapangaji, na mkopo wa benki. Mifuko hiyo haitembei kila mmoja peke yake. Benki hufungua wake pale inapoona mtaji wa mwenye mradi upo na wapangaji wakubwa wametia saini. Wapangaji nao husubiri waone benki imekubali. Mmoja akirudi nyuma, wengine humfuata, na winchi husimama angani hata kama saruji imejaa ghalani.

Saruji yenyewe si tatizo la Mtwara. Kiwanda cha Dangote kule Msijute, chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, kilianza kazi mwaka 2015. Lakini lifti, vioo na mitambo ya umeme hulipiwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2014 dola moja ilikuwa takriban Sh. 1,600, mwishoni mwa 2015 ilikuwa imepita Sh. 2,100. Mradi uliopigiwa hesabu kwa bei ya kwanza ukajengwa kwa bei ya pili ulikuwa umekwisha kupata pengo kabla hata ya riba.

Miaka ile ndiyo iliyoipa Mtwara hamu ya maghorofa. Gesi ya Mnazi Bay ilijulikana tangu 1982, lakini ugunduzi wa bahari kuu kuanzia 2010 ndio uliogeuza mambo. Kampuni za BG, Ophir na Statoil zilichimba visima mbali na pwani, na bandari ya Mtwara ikawa kituo cha kuhudumia meli zao. Nyumba za Shangani zikatafutwa na wageni, viwanja vikapanda bei, na kila mwenye eneo katikati ya mji akaanza kuhesabu ghorofa badala ya vyumba. Shirika la Nyumba la Taifa nalo, lililokuwa likijenga kwa kasi mikoani, liliichagua Rahaleo kwa jengo lake la mchanganyiko wa biashara na makazi, Raha Leo Complex.

Kisha upepo ukageuka. Vurugu za Mei 2013 kuhusu bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam ziliwatia hofu wenye mitaji. Kilichoumiza zaidi, hata hivyo, hakikutokea Mtwara. Bei ya mafuta duniani, iliyokuwa juu ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014, ilishuka chini ya dola 30 Januari 2016. Mwezi uliofuata Shell ikakamilisha kuinunua BG. Kampuni zikapunguza uchimbaji, meli za huduma zikapungua, na wageni waliokuwa wakilipa kodi kwa dola wakafunga mizigo.

Tangu hapo mji umekuwa ukingoja uamuzi mmoja, nao ni kiwanda cha kusindika gesi kuwa kimiminika, kilichopangwa kujengwa Likong'o, mkoani Lindi. Gesi iliyogunduliwa nchini inakadiriwa kuwa zaidi ya futi za ujazo trilioni 57, na mradi umetajwa kugharimu dola bilioni 42. Juni 2022 Serikali ilitia saini makubaliano ya awali na Equinor na Shell, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba mazungumzo makuu yamekamilika. Hata hivyo mwaka 2025 ulifika mkataba wenyewe ukiwa bado kusainiwa. Benki inayoombwa mkopo wa ghorofa la Mtwara huuliza nani atapanga ghorofa za juu. Jibu likiwa ni "watu wa gesi", faili hurudi kabatini.

Wazee wa mji hawashangai. Mtwara yenyewe ilichorwa kwa ajili ya karanga. Mpango mkubwa wa Waingereza ulioanza 1947 ulihitaji bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Mpango ukaachwa 1951. Bandari ikafunguliwa 1954, karanga zikiwa zimekwisha kufa. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kata ya Reli ipo mpaka leo, treni hakuna.

Jinsi mradi unavyosimama katikati inaonekana vizuri zaidi Dar es Salaam, ambako Shirika hilo hilo la Nyumba lilianzisha miradi mikubwa kuliko yote. Morocco Square, yenye majengo manne ya ofisi, hoteli, maduka na nyumba 100 za makazi, na ile ya Kawe, zilianza kwa kishindo katikati ya muongo uliopita kwa kutumia mifuko yote mitatu. Wanunuzi walilipa kabla ya kuta kusimama. Shirika lilipofikia ukomo wake wa kukopa, lilihitaji kibali cha Serikali ili liongeze mkopo, na kibali hakikuja upesi. Wakati huo huo Serikali ilitangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na soko la ofisi Dar es Salaam likapoteza mpangaji wake mkubwa. Majengo ya Kawe yakabaki mifupa kwa miaka.

Kazi iliamka baada ya Serikali ya Awamu ya Sita kuruhusu Shirika kukopa Sh. bilioni 173.9. Katika muda wote huo majengo hayakuwa na kasoro ya uhandisi iliyoyazuia. Kilichokosekana ni saini moja ya mkopo. Nalo ni shirika la umma, lenye majengo ya kupangisha nchi nzima na kodi inayoingia kila mwezi. Mwenye mradi binafsi asiye na kodi hizo angekuwa amefilisika.

Mradi wa Dege kule Kigamboni ni mbaya zaidi. Mfuko wa NSSF na mshirika wake walikusudia kujenga nyumba zaidi ya 7,000. Kazi ilisimama 2016 na miaka ikapita Mfuko ukitafuta mnunuzi wa magofu yale.

Kwa mfanyabiashara mdogo, hasara ya kuchelewa huanzia kwenye kilemba. Chukulia mtu aliyetoa Sh. milioni 10 kushika fremu katika jengo ambalo halijafika ngazi ya kwanza. Jengo likisimama miaka mitano, fedha hizo hazikuzaa kitu. Kama angeziweka kwenye hati fungani ndefu ya Serikali kwa riba ya asilimia 12, kiwango ambacho hati hizo zimewahi kukifikia na kukipita, angekuwa amepokea Sh. milioni 6 mkononi na mtaji wake ungebaki pale pale. Tena hati fungani inauzika soko la Dar es Salaam akipata shida. Risiti ya kilemba haina soko.

Mnunuzi wa nyumba ya ghorofani anapaswa kuongeza hesabu mbili. Ya kwanza ni kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo kwa kawaida hutozwa kwenye nyumba mpya na mara nyingi haimo katika bei ya tangazo. Ya pili ni hati. Sheria ya Hati Sehemu ya mwaka 2008 inaruhusu kila nyumba ndani ya jengo kuwa na hati yake, lakini hati hiyo huzaliwa na hati ya kiwanja. Kiwanja kikiwa kimewekwa rehani benki, mnunuzi aliyelipa nusu anasimama nyuma ya benki kwenye foleni. Kabla ya kutoa fedha ni vyema kuona kibali cha ujenzi cha Manispaa, kumuuliza mkandarasi kama analipwa, na kutaka jina la mpangaji mkubwa aliyekwisha kusaini, si aliyeonyesha nia.

Korosho peke yake inaweza kubeba jengo la ghorofa tatu au nne lenye maduka chini. Msimu ukiwa mzuri, kama ulipofunguliwa 2024 na bei za mnada kupita Sh. 4,000 kwa kilo, kodi hulipwa bila kusukumana. Msimu ukiharibika, kama 2018 Serikali ilipoingia kununua yenyewe kwa Sh. 3,300 na malipo kuchukua muda, fremu hukaa na makufuli. Ghorofa kumi na tano haziwezi kulipiwa riba na zao linaloleta fedha miezi michache kwa mwaka.

Wapo wanaotazama ng'ambo ya Ruvuma. TotalEnergies, iliyosimamisha mradi wake wa gesi Afungi baada ya shambulio la Palma la Machi 2021, ilitangaza Novemba 2025 kuondoa zuio hilo. Kazi ikirudi huko, Mtwara inaweza kupata biashara ya vyakula, usafiri na malazi. Lakini mteja wa namna hiyo hutafuta ghala karibu na bandari, uwanja wa malori na vitanda safi. Ofisi ghorofa ya kumi atakuwa nayo Maputo.