Hisa za Kampuni za Mawasiliano: Yafahamu Haya Kabla ya Kuwekeza

Mnara mpya unaposimikwa Tanga, Muheza au Pangani, na simu zikaanza kupokea picha kwa kasi isiyozoeleka, ni rahisi kuamini kuwa mwenye mnara atatajirika upesi, na mwenye hisa pamoja naye. Makala haya yanaeleza kwa nini mambo hayo mawili hayafuatani daima.

Kasi ya data si kasi ya faida

Teknolojia ya kizazi cha tano, yaani 5G, hutegemea masafa ya redio, ambayo ni rasilimali ya Taifa. Mwezi Oktoba 2022 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliendesha mnada wa masafa uliopata zaidi ya dola za Marekani milioni 180. Malipo hayo hununua haki ya kutumia masafa tu. Minara, mitambo na umeme ni gharama nyingine. Masafa ya chini, kama megahezi 700, hufika mbali. Masafa ya juu, kama megahezi 3500, hubeba data nyingi lakini hayafiki mbali, hivyo huhitaji minara mingi zaidi. Katika vijiji vya Usambara gharama hiyo hubebwa na wateja wachache kuliko mjini. Kama shamba la mkonge, mtaji hutangulia na mavuno husubiriwa kwa miaka.

Mfano wa mwaka 2017

Mwaka 2017, kufuatia sheria iliyozitaka kampuni za simu kuuza asilimia 25 ya hisa zao kwa umma, Vodacom Tanzania iliuza hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, ikakusanya shilingi bilioni 476. Mwezi Agosti iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE). Katika miaka iliyofuata bei ilishuka chini ya shilingi 850, na kampuni iliripoti hasara kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021. Mwaka 2022 kampuni hiyo hiyo ilizindua huduma ya 5G.

Tuseme mtu alinunua hisa 1,000 kwa shilingi 850,000, kisha akalazimika kuziuza kwa shilingi 700 kila moja ili alipe ada ya shule. Angepata shilingi 700,000 kabla ya ada ya dalali. Asiyelazimika kuuza angeweza kusubiri bei ipande au gawio litolewe, ingawa hakuna kati ya hayo lenye uhakika.

Kabla ya kutoa fedha

1. Hakikisha kampuni imeorodheshwa DSE. Si kila kampuni yenye minara mkoani imeorodheshwa.
2. Kwa hisa mpya, soma waraka wa matarajio ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), hasa sehemu ya madeni na vihatarishi.
3. Nunua kupitia dalali mwenye leseni ya CMSA, na uhakikishe hisa zimeandikwa kwa jina lako.
4. Mkatae anayekuahidi faida ya uhakika ya kila mwezi kutokana na “mradi wa 5G”, au anayetaka fedha zitumwe kwa namba yake binafsi. Gawio hutegemea faida na uamuzi wa kampuni, halina ahadi.
5. Usiwekeze fedha utakazozihitaji karibuni, wala usiweke akiba yote katika kampuni moja.

Ukiwa na shaka, wasiliana na CMSA kabla ya kulipa.