Chumba cha Wanaoacha Pombe Kiko Wapi?



Wengi wetu tumewahi kumwona mtu akipiga magoti mbele ya padre na kuahidi kwamba hatagusa tena pombe, mkewe na watoto wakiwa wamesimama nyuma yake. Ahadi ile huwa ya kweli. Lakini mwezi haujaisha tunamkuta tena kilabuni, nasi tunasema: hakuwa na nia. Leo tunapenda kusema kwamba mara nyingi nia alikuwa nayo. Alichokosa ni wenzake. Alitoka kanisani peke yake, akashika njia ileile ipitayo mbele ya kilabu kilekile, na jioni ilipofika hakuwa na mahali pengine pa kukaa.

Mahali pa namna hiyo papo. Ni mikutano ya watu walioshindwa na pombe, ambao wanasaidiana kuacha. Iliyo maarufu zaidi ni ile ya Alcoholics Anonymous, au kwa kifupi AA. Mwanzo wake watufaa kuujua. Mwezi wa Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa hotelini katika mji wa Akron, Marekani. Biashara iliyompeleka imeharibika, ameacha pombe kwa miezi michache tu, na baa i karibu. Alitambua kwamba asipopata mlevi mwingine wa kuzungumza naye, atakunywa. Basi akaiendea orodha ya makanisa iliyokuwa ukumbini, akaanza kupiga simu. Mchungaji mmoja alimpokea, akampa majina ya watu wa kuwauliza, na kwa njia hiyo akafikishwa kwa Bob Smith, daktari mpasuaji aliyekuwa akiangamia kwa ulevi. Daktari huyo alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa AA.

Tujiulize basi: mtu huyo angepiga simu parokiani kwetu, angejibiwa nini? Yule mwenye kupooza wa Injili alibebwa na watu wanne, tena wakatoboa dari. Sisi mara nyingi humwambia mgonjwa atembee mwenyewe, kisha twamlaumu kwa kutofika.

Kwa hiyo katekista asingoje hadi aulizwe. Atangulie kuuliza katika hospitali ya wilaya, kwa afisa wa ustawi wa jamii, na katika hospitali za magonjwa ya akili kama Mirembe ya Dodoma au Mathari ya Nairobi. Katika Kenya, mamlaka ya serikali iitwayo NACADA ina simu isiyolipiwa, namba 1192. AA yenyewe huonyesha mikutano yake kwa njia ya intaneti, na mingine hufanyika kwa njia hiyo hiyo, jambo lenye faida kwa aliye mbali na mji. Aulize siku, saa na lugha inayotumika. Aulize pia kama mkutano ni wa wazi, ambao hata jamaa au katekista aweza kuhudhuria, au ni wa wenye shida hiyo peke yao. Kwa mara ya kwanza mkutano wa wazi unafaa zaidi, maana mgeni aweza kusindikizwa hadi ndani. Kusindikizwa huko si jambo dogo: wengi hufika mlangoni wakageuka.

Ndani hakuna maajabu. Hakuna ada wala kuandikishwa. Sharti ni moja tu, kutaka kuacha pombe. Mtu hutaja jina lake la kwanza, husimulia yaliyompata, au hukaa kimya. Yanayosemwa humo hayatolewi nje. Mkutano wa kwanza usipompendeza, ajaribu mwingine, kwa kuwa vikundi havifanani.

Wako Wakristo wanaohofu kwamba hii ni dini nyingine. Sivyo, AA haifungamani na dhehebu lolote. Huko huko Akron, mwaka 1939, mtawa Mkatoliki, Sista Ignatia, alishirikiana na daktari Bob kuwalaza walevi katika hospitali ya St. Thomas. Wa kwanza aliandikwa kuwa anaumwa tumbo, kwa kuwa hospitali haikutaka walevi.

Hapa lazima tutoe onyo. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asikatize ghafla akiwa nyumbani. Mwili waweza kutetemeka, kuingiwa na kifafa na kuweweseka, hata kufa. Huyo apelekwe kwanza kwa daktari, kisha mkutanoni.

Na pasipo na kikundi? Wawili watatu wanaotaka kuacha wanaweza kukianzisha wenyewe. Parokia haina haja ya kukiongoza, na isitake kufanya hivyo. Iwape chumba chenye mlango wa pembeni, jioni ambayo kwaya haifanyi mazoezi. Watalipa kidogo, kwa sababu AA hupenda kujitegemea. (Halmashauri inayouza bia uwanjani siku ya somo wa parokia ina la kufikiri pia.)

Wake, waume na watoto nao wana mikutano yao, iitwayo Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951. Mke aweza kuanza kwenda hata kabla mumewe hajakubali kwamba ni mgonjwa.