Kulabu ya mkanda inapomshika baharia chini ya mashua

Juni 2011, katika mji wa Annapolis, jimbo la Maryland nchini Marekani, msichana wa miaka 14 alikuwa mazoezini kwenye mashua ya tanga ya aina ya 420, chombo cha watu wawili chenye urefu wa mita 4.2. Mashua ikapinduka. Hilo peke yake si habari, kwa kuwa mashua hizi hupinduka kila siku na watoto hufundishwa kuziinua kabla ya kufundishwa kushindana. Msichana alikuwa na jaketi la kuelea, lakini hakuibuka. Mkanda wake wa kuning'inia ulikuwa umenasa kwenye kamba za chombo, akafa maji.

Inakuwaje mtu aliyevaa jaketi afe maji, ilhali hewa iko karibu naye kuliko urefu wake mwenyewe? Jibu limo katika kulabu ya chuma, katika mvutano wa kamba, na katika namna mwili unavyotumia pumzi yake ya mwisho.

Farumi ni baharia mwenyewe

Upepo unapojaza tanga, chombo hulalia upande wa demani, yaani ule upepo unakoelekea. Jahazi lina farumi, yaani mzigo wa kulituliza. Mashua ndogo ya mashindano haina, hivyo mzigo wa kuisawazisha ni mwili wa baharia. Ndiyo sababu hukaa ukingoni, upande wa joshi unakotoka upepo, na kujilaza nje ya chombo.

Mwaka 1938, katika mashindano ya mashua za futi 14 huko Lowestoft, Uingereza, Peter Scott, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa shirika la uhifadhi la WWF, na mwenzake John Winter walishinda kwa mbinu mpya: kamba iliyofungwa juu ya mlingoti na kumning'iniza mtu nje kabisa ya chombo. Mbinu hiyo ilipigwa marufuku punde tu, kisha ikarudi, na leo iko hata kwenye mashua za Olimpiki.

Kifaa chenyewe ni rahisi. Waya hushuka kutoka mlingotini na kuishia kwa pete karibu na ukingo. Baharia huvaa mkanda mpana unaoshika mgongo na makalio, wenye kulabu mbele, usawa wa kitovu. Hutia pete kwenye kulabu, hukanyaga ukingo, kisha hujinyoosha juu ya maji. Kilo zake ni zilezile, lakini zimesogea nje kwa takriban mita moja. Na kwa kuwa nguvu ya kuzuia chombo kisilale ni uzito mara umbali, mita hiyo moja ndiyo inayowawezesha watu wawili kubeba tanga kubwa kuliko kimo chao.

Kwa nini haitoki

Kulabu hii imetengenezwa ifanye kazi bila kutazamwa. Baharia ana kamba ya tanga mkono mmoja, macho yako kwenye tanga, na mkono wa pili unapapasa pete. Kwa hiyo kulabu imejitokeza mbele ya tumbo, na mdomo wake ni mpana wa kutosha kupokea pete kwa mguso mmoja. Wepesi huohuo ndio ubaya wake. Kinachonasa pete kwa urahisi hunasa pia kamba ya tanga iliyolegea, kamba za kushikilia mlingoti, au raba inayoirudisha pete mahali pake.

Katika matembezi ya kawaida kuna kitu kimoja kinachomfungua baharia, nacho ni ulegevu. Anaporudi ndani na kuketi, waya hulegea na pete hutoka. Mashua inapopinduka mpangilio huo huvurugika. Kwanza hulala ubavu, mlingoti ukiwa sambamba na maji. Isipodhibitiwa, huendelea kugeuka mpaka inakaa kifudifudi, mlingoti ukielekea chini. Aliyekuwa joshini huweza kuangukia ndani ya tanga au kati ya kamba, na chombo kikamfunika.

Hapo jaketi huanza kazi yake. Jaketi la kawaida la wanamashua wadogo lina nguvu ya newton 50, sawa na kunyanyua takriban kilo 5. Linamvuta juu huku kamba iliyonaswa ikimvuta upande mwingine. Mvutano huo ndio unaoikaza kulabu, na kila anapopiga mateke kukimbilia juu, hukaza zaidi. Silika inamwambia ajitenge na kinachomshika, wakati njia ya kutoka ni kusogea kuelekea kinachomshika, hata kama ni kushuka kidogo, ili kamba ilegee na mkono uweze kuiondoa.

Kwa sababu hiyo majaketi yanayojijaza upepo yenyewe hayafai kwenye mashua hizi. Mengi yana nguvu ya newton 150 au zaidi, mara tatu ya lile la kawaida. Likijijaza mtu akiwa chini ya chombo, humgandamiza kwenye sakafu iliyogeuka dari, na kupiga mbizi ili atoke pembeni huwa karibu haiwezekani.

Sekunde zinavyoliwa

Mpiga mbizi hujiandaa, akavuta pumzi. Aliyepinduliwa huzama na pumzi yoyote iliyokuwa mapafuni, pengine amekwisha kuitoa kwa kupiga kelele. Mwili uliotulia hutumia takriban mililita 250 za oksijeni kwa dakika. Mwili unaopigana na kamba hutumia mara kadhaa ya hapo.

Kinacholazimisha mtu kupumua, hata akijua yuko majini, ni kaboni dioksidi inayorundikana kwenye damu, na kuhangaika huiongeza kwa kasi. Kwenye maji ya chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, kama yalivyo Uingereza kwa sehemu kubwa ya mwaka, hali ni mbaya zaidi: ngozi ikipata baridi ya ghafla, mtu hutweta bila kutaka, na anayeweza kubana pumzi kwa dakika nzima nchi kavu huenda asifikishe hata sekunde 10. Maji yakiingia kooni, njia ya hewa hujibana, oksijeni hushuka na fahamu hupotea. Ubongo usiopata oksijeni huanza kudhurika ndani ya dakika chache.

Wengi hutegemea hewa inayobaki chini ya chombo kilichopinduka. Mara nyingi ipo na imeokoa watu. Ila mashua nyingi za kisasa zina sakafu iliyozibwa, iliyo juu ya usawa wa maji ili maji yajitoe yenyewe. Zikigeuka, nafasi inayobaki huwa finyu, na aliyeshikwa kiunoni huenda asiifikie.

Ujuzi nao si kinga. Mei 2013, katika ghuba ya San Francisco, Andrew Simpson, Mwingereza aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 2008, alifariki baada ya kunaswa chini ya mashua kubwa ya mashindano iliyovunjika na kupinduka. Yeye hakushikwa na mkanda wa kuning'inia, lakini kifo chake kilionyesha kuwa chini ya mabaki na kamba bingwa na mwanafunzi wana muda uleule.

Kinachopunguza hatari

Hatua ya kwanza ni kuzuia chombo kisifike kifudifudi. Shule nyingi hufunga boya dogo kwenye ncha ya mlingoti ili mashua iishie kulala ubavu, ambapo kichwa cha baharia huwa karibu na hewa.

Ya pili ni kulabu inayojiachia. Mtu akivuta kishikio, kulabu yote hutengana na mkanda hata kamba ikiwa imekaza. Kiwango cha kimataifa cha kulabu hiyo, ISO 10862, kilitolewa mwaka 2009, na kanuni za mashindano za World Sailing, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zilipanga kuanza kuudai mfumo huo Januari 2023. Lakini chumvi na mchanga hukwamisha vifaa vya aina hii, hivyo huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kujaribiwa kabla ya kila safari.

Ya tatu ni kisu cha kamba, chenye meno na ncha butu, mahali ambapo mkono wowote hufika. Kisu hakikati waya wa chuma, kwa hiyo kinachokatwa ni utepe wa mkanda. Fulana ya kubana juu ya jaketi na mkanda nayo hupunguza vitanzi vinavyoweza kunasa.

Ya nne ni ya aliye juu. Mashua ikipinduka, jambo la kwanza ni kuitana na kuhesabu vichwa. Mmoja asipoitika, chombo kigeuzwe mara moja angalau kilale ubavu, na anayetafuta apapase kiuno cha mwenzake, kwani ndipo kulabu ilipo. Akitolewa hapumui, apewe pumzi kwanza, kwa sababu kilichomwishia ni oksijeni. Miongozo ya Ulaya inataka pumzi 5, kisha kukandamiza kifua mara 30 kwa kila pumzi 2 hadi msaada ufike.

Kwenye pwani yetu, kulabu ya jamaa hiyo iko kiunoni mwa wanaoteleza kwa tiara huko Paje, Zanzibar, na Diani, Kenya. Nao hufundishwa kujiachia kwa mkono mmoja kabla ya kuingia majini, na hilo ndilo zoezi linalokosekana kwa wengi wanaopanda mashua za matanga. Mzazi anayempeleka mtoto kwenye klabu ana haki ya kumuuliza mwalimu mambo mawili: mkanda huu unajiachia vipi kamba ikiwa imekaza, na mwanangu ameufungua mara ngapi kwenye maji ya kina kifupi, macho yakiwa yamefumbwa? Kama jibu la pili ni "bado", mtoto asining'inie kwenye waya mpaka afanye zoezi hilo.