Masomo ya wazazi: animateri asianze na sheria

Wengi wetu tukitoka chuo tunapata kazi ya kwanza ku mashirika, na mara nyingi ni kazi ya animateri wa kikundi. Mimi nilipewa kikundi cha wazazi, huku Luberizi, tuongee juu ya kulea watoto. Siku ya kwanza nilisimama mbele yao na Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ile inayolinda mtoto. Nikasoma, nikaeleza. Mzee mmoja akaniuliza: "Mwanangu, weye uko na watoto wangapi?" Sina hata mmoja. Watu wakacheka, na somo likaishia pale.

Basi nieleze vile kikundi kama hiki kinafanya kazi kweli, usianguke kufasi nilianguka.

Wazazi wanakuwa wachache, wenye wanaweza kukaa duara moja, na wanakutana kila juma kwa miezi miwili ao mitatu. Animateri hahubiri. Anatoa jambo moja la nyumbani: mtoto ametumwa maji, amechelewa, bidoni imerudi imepasuka. Mama mmoja anajifanya mama, mwingine anajifanya mtoto. Juma la pili nilimwomba yule mzee awe mtoto. Jirani yake akamfokea sawasawa. Mzee akanyamaza, kiisha akasema: "Kumbe hata nafasi ya kueleza haiko." Sheria yangu haingemfikisha pale.

Tena kuna kazi ya kufanya nyumbani. Masomo ya kwanza hayagusi fimbo hata kidogo: kila siku mzazi anatafuta dakika chache za kukaa na mtoto, na mtoto ndiye anachagua mchezo. Kiisha anajifunza kusifu kitu chenye anakiona, si "uko mtoto muzuri", ila "aksanti, umefunga mbuzi mbele ya mvua". Mambo ya adhabu yanakuja nyuma. Ukiyaleta mbele, watakwambia hayo ni ya Wazungu, na hawatarudi.

Lakini mama wa tambarare ya Ruzizi anatoka giza kwenda shamba. Dakika atazitoa wapi? Wamama wenyewe walijibu: njiani, tukienda kuchota maji.

Afrika ya Kusini walipima programu moja ya namna hii, Sinovuyo Teen, ya wiki 14, na familia 552 katika vijiji na mitaa 40. Ndani yake kulikuwa pia kupanga pesa ya nyumba, na naona walifanya vizuri, maana mzazi mwenye deni mkono wake ni mwepesi. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Kulingana na wazazi, vipigo vilipungua karibu nusu. Vijana wao walipoulizwa, tofauti ya vipigo haikuonekana wazi. Kwenye pande zote mbili zilikubaliana ni hapa: mzazi sasa yuko karibu zaidi, na anafuatilia mtoto anakwenda wapi.

Kwa hiyo ripoti yenye inauliza wazazi peke yao, mimi naiona ni nusu ya ripoti. Kikundi chetu kilipoisha tuliuliza watoto pia, pembeni, bila wazazi. Mmoja akasema baba yake hapigi tena sana watoto, ila mama bado anapigiwa makelele kila usiku. Katika zile juma zote, hakuna mzazi alitwambia hilo.