Somo la Leo: Namna ya Kujibu Swali Juu ya Kitabu cha Hadithi

Karibuni tena katika somo la Kiingereza kwa watu wazima wanaojisomea nyumbani. Leo hatutashughulika na sarufi. Tutajifunza namna ya kuandika insha ya kuchambua kitabu cha hadithi, kama itakiwavyo katika mtihani wa shule ya sekondari. Insha yenyewe utaiandika kwa Kiingereza, lakini njia ya kufikiri tutaieleza kwa Kiswahili, kwa kuwa asiyeijua njia hafiki, hata awe na maneno mengi namna gani. Tafadhali weka kalamu na daftari karibu nawe.

Kitabu tutakachokitumia kwa mfano ni Things Fall Apart, kilichoandikwa na Chinua Achebe wa Nijeria na kupigwa chapa London mwaka 1958. Habari zake ni za Okonkwo, mkulima na mpiganaji mashuhuri wa Umuofia katika nchi ya Waigbo, siku zile Wazungu walipoanza kuingia huko. Na swali letu ni hili: Je, Okonkwo ni mtu shujaa?

Watu wengi wakiliona swali kama hili hukimbilia kusimulia. Huanza na Okonkwo anavyomwangusha Amalinze katika mieleka, wakaendelea na kisa hiki na kile mpaka Okonkwo anapokufa. Wakiweka kalamu chini wamejaza kurasa nne, na swali bado halijajibiwa. Mtahini amekwisha kukisoma kitabu, naye hana haja ya kusimuliwa. Anataka kujua wewe waonaje, na kwa sababu gani. Ni hasara kubwa kwa mtu aliyelipa ada kwa fedha ya jasho lake, akasoma usiku baada ya kazi, kisha akakosa alama kwa kutoa kitu ambacho hakuombwa.

Fikiri juu ya shauri linaloletwa barazani. Mdai hasimami akaeleza maisha yake yote tangu kuzaliwa. Husema anadai nini, kisha huwaita mashahidi wake mmoja mmoja. Insha nayo ni hivyo hivyo.

Jambo la kwanza, basi, ni kusema dai lako. Liandike kwa sentensi moja kabla hujaandika neno jingine lolote. Ukisema tu, "Ndiyo, Okonkwo ni shujaa," dai lako ni jepesi mno, maana hakuna atakayebishana nawe juu ya mtu aliyeleta vichwa vitano kutoka vitani. Jaribu hivi: "Ushujaa wa Okonkwo ni wa kweli, lakini unaendeshwa na hofu ya kufanana na baba yake, na hofu hiyo ndiyo inayomwangusha." Hilo ni dai lenye uzito. Mtu mwingine aweza kulipinga, kwa hiyo lahitaji kuthibitishwa.

Jambo la pili ni kuchagua mashahidi. Usichukue kila kisa unachokikumbuka; chagua vitatu au vinne vinavyogusa dai lako. Shahidi wa kwanza awe Unoka, baba yake Okonkwo, mtu mpole aliyependa filimbi, aliyekufa na madeni wala hakupata cheo chochote. Wa pili awe Ikemefuna. Kijana huyu alitolewa na watu wa Mbaino kuwa fidia, akakaa nyumbani mwa Okonkwo miaka 3, akamwita baba. Mzee Ezeudu alimwonya Okonkwo asitie mkono katika kifo chake. Hata hivyo Okonkwo alifuatana na wauaji, na kijana alipopigwa akamkimbilia, Okonkwo mwenyewe akamkata kwa panga.

Jambo la tatu ndilo wanalolisahau wengi, nalo ni kueleza. Shahidi hajisemei mwenyewe. Kila ukitaja kisa, jiulize: Jambo hili lathibitisha nini? Kisha andika jibu lake. Kwa mfano: mtu wa kwanza alipoinua panga, Okonkwo aligeuza uso. Maana yake moyo wake haukukubali. Lakini kijana alipomjia mbele ya watu, aliogopa kuonekana mnyonge, na mwandishi mwenyewe anasema hivyo waziwazi. Basi mkono ule uliongozwa na hofu. Sasa kisa kimekuwa hoja.

Jambo la nne, mwite na shahidi wa upande wa pili. Mtu aweza kusema kwamba Okonkwo ni mkatili tu, hana huruma hata kidogo. Usimfiche mtu huyo. Mjibu kwa kisa cha Ezinma, binti yake, aliyechukuliwa usiku na kuhani Chielo kwenda pangoni. Okonkwo hakulala usiku ule. Alishika panga lake akaenda na kurudi katika giza kumtafuta mtoto. Mapenzi anayo, ila huyaficha, kwa kuwa kuyaonyesha huko ni unyonge machoni pake. Kwa hiyo hata jambo lililoonekana kukupinga limekuja upande wako.

Mwisho wa insha usirudie maneno uliyoyasema mwanzoni. Sema dai lako limefika wapi. Waweza kuandika kwamba Okonkwo alimkimbia baba yake maisha yake yote, na hatimaye akafa kifo cha kujinyonga, ambacho watu wake hawawezi kukizika kwa mikono yao. Aliyeogopa kufa bila heshima kama baba yake, naye akafa bila heshima.

Kuna kanuni mbili ndogo za Kiingereza. Kwanza, ukieleza mambo yaliyomo kitabuni, tumia wakati uliopo, si uliopita. Pili, ukinukuu, nukuu maneno machache, yawe sawasawa na kitabu, uyatie katika alama za kunukuu, kisha uyaeleze.

Zoezi la nyumbani ni hili. Nwoye, mwana wa Okonkwo, anamwacha baba yake na kujiunga na Wakristo. Kwa nini? Andika dai lako kwa sentensi moja. Chini yake taja visa vitatu pamoja na kurasa zake, na mbele ya kila kisa uandike kinathibitisha nini. Usiandike insha bado. Mpe jirani anayesoma pamoja nawe akupinge. Akikushinda, lirekebishe dai lako.

Juma lijalo tutaijenga insha nzima, aya kwa aya, kutokana na zoezi hilo.