Kabla hujampiga dawa mbawakawa mweusi, mgeuze chali kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja mwenye ekari mbili za kabichi alinitumia picha kwenye WhatsApp. Alikuwa amefunua matandazo asubuhi na kukuta chini yake wadudu saba weusi wanaong'aa. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Bwana shamba, nimewakamata wanaonikatia miche. Nipige dawa gani?"

Nikampigia simu palepale, nikamwambia atue bomba kwanza.

Nina sababu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mama mmoja mwenye nyanya aliniuliza swali hilohilo. Mimi nikaona weusi, nikataja dawa. Akanyunyizia ardhi yote. Weusi wakaisha kweli, ila baada ya wiki tatu sota walirudi wengi kuliko mwanzo, na kila asubuhi miche ilikuwa imelala chini. Alinunua dawa kwa hela ya mkopo, na ushauri ulikuwa wangu. Sijasahau.

Sasa tuwatambue hawa jamaa. Wa kwenye picha walikuwa mbawakawa wa ardhini, familia ambayo wataalamu huiita Carabidae. Duniani kote zimeshaelezwa spishi zake takriban 40,000, na mpya bado zinapatikana. Wengi ni wawindaji wa usiku. Mchana wanajificha chini ya mawe, magogo na matandazo, giza likiingia wanatoka kutafuta viwavi, konokono, mayai na mabuu ya wadudu wengine. Sota anapotoka udongoni usiku kukata mche wako, huyu ndiye anayekutana naye njiani. Sisemi wote ni malaika. Wapo wanaokula mbegu, na kule Ulaya kuna mmoja, Zabrus tenebrioides, anayewasumbua wakulima wa ngano. Lakini kwa jumla ni vibarua wasiodai posho.

Shida ni kwamba kuna mweusi mwingine, mbawakawa mweusi wa mahindi, Heteronychus, anayetafuna shina chini kidogo ya usawa wa udongo. Huyo ni adui kweli. Kwa mbali wanafanana, ndiyo maana wengi tunakosea. Adui ni mnene, wa mviringo, miguu mifupi yenye miiba ya kuchimbia, anatembea kama aliyebeba gunia. Vipapasio vyake ni vifupi, na ncha zake zina vipande vinavyofunguka kama kurasa za kitabu. Rafiki ana miguu mirefu na mbio za ajabu, vipapasio kama uzi wenye vipingili 11, taya zinazoelekea mbele, na kichwa ambacho mara nyingi ni chembamba kuliko kifua. Mgeuze chali: sehemu mguu wa nyuma unapoungana na mwili imeingia tumboni hadi ikakata pingili ya kwanza ya tumbo. Alama hiyo iamini kuliko rangi.

Tumia kijiti, usimshike na kumsogeza usoni. Wengi wao hutoa maji yanayowasha. Wale wakubwa weusi wenye madoa meupe, Anthia, hurusha asidi, na wapo wengine ambao mvuke wanaoutoa nyuma hufika nyuzijoto 100. Charles Darwin alipokuwa mwanafunzi Cambridge alishika mbawakawa wawili, mmoja kila mkono, akaona wa tatu. Akamtia mmoja mdomoni ili apate nafasi. Alichomwa ulimi, akamtema, akampoteza huyo na yule wa tatu pia.

Kuangalia kiungo kwa kiungo hivi ndiyo kazi ileile anayofanya mtaalamu anapokutana na mbawakawa asiye na jina. Mfano ninaoupenda ni wa Mmarekani Terry Erwin. Mwaka 2002 alichapisha spishi 29 mpya za jenasi Agra kutoka Costa Rica. Agra ni wa familia hiihii ya "ardhini" ila wanaishi juu ya miti, kwa hiyo jina lisikudanganye. Jenasi ilikuwa na jina tangu 1801. Kazi ilikuwa kuonyesha kwamba hawa 29 si wale waliokwisha kujulikana. Na hapo hakuna njia ya mkato. Mdudu analinganishwa na sampuli za zamani zilizoko makumbusho, anapimwa, na madume yanapasuliwa ili viungo vya uzazi viangaliwe kwa hadubini, maana spishi mbili zinazofanana kama pacha kwa nje mara nyingi hutofautiana hapo. Siku hizi na DNA inapimwa. Kisha maelezo yanachapishwa, na mdudu mmoja anateuliwa kuwa kielelezo cha jina na kuhifadhiwa, ili anayebisha aende akamwone mwenyewe. Mmoja wa wale 29 ana mapaja ya miguu ya kati yaliyovimba, basi Erwin akamwita Agra schwarzeneggeri, kwa ajili ya yule Arnold wa sinema.

Ila kilichonigusa mimi ni kazi yake ya awali kule Panama. Alifukiza dawa kwenye miti 19 ya aina moja, chini akiwa ameweka vya kukingia, akahesabu kilichoanguka. Mbawakawa peke yao walikuwa spishi takriban 1,200. Mwaka 1982 akakadiria kutokana na hesabu hiyo kwamba wadudu na jamaa zao wa tropiki wanaweza kufika spishi milioni 30, na wataalamu wengi baadaye wakasema amezidisha. Mimi naangalia vile vya kukingia tu. Sisi tukipiga dawa hatukingi kitu chini. Tunaona viwavi wanne wamekufa tunafurahi, wengine waliokufa pamoja nao hatuwahesabu.

Kwa hiyo kijana nilimpa kazi ya usiku mmoja, na wewe uifanye kabla ya kununua dawa ya udongo. Chukua makopo kumi, yafukie mpaka mdomo uwe sawa kabisa na udongo, mengine katikati ya shamba na mengine pembeni. Weka majani makavu kidogo ndani, funika kwa kibao kilichoinuliwa na vijiwe ili mvua isiingie. Asubuhi wahi kuhesabu, maana ndani ya kopo wanakulana. Halafu fukua taratibu kuzunguka miche iliyokatwa usiku huo, sentimita tano hivi kwenda chini.

Kesho yake zikaja picha mbili. Ya kwanza ya makopo: weusi wa miguu mirefu kumi na mmoja, wa mahindi hakuna hata mmoja. Ya pili ni kiganja chake, na sota sita waliojikunja. Sasa anawaokota kwa mkono kila asubuhi kwenye mistari iliyokatwa, na matandazo ameyaacha palepale. Kwa ekari mbili si kazi ndogo. Wiki ijayo tutaona kama inatosha au itabidi tuweke chambo chenye dawa kwenye mistari hiyo tu.

Ukinitumia picha zako, piga tatu: mgongo, tumbo na vipapasio. Weka sarafu ya shilingi mia kando yake nijue ukubwa.