Sindano ya Uchungu kwa Nguruwe

Hapa kwetu Chanji, Sumbawanga, wazazi wengine hutulipia mahitaji ya shule kwa kuuza nguruwe. Basi yafaa tujue jambo hili.

Nguruwe jike huchukua mimba siku 114 hivi. Siku ya kuzaa, wengine humchoma sindano ya oksitosini ili azae upesi. Ni hatari. Dawa hiyo hukaza tumbo la uzazi. Ikiwa njia haijafunguka, au kitoto kimekaa vibaya, vilivyomo ndani hubanwa, damu ya kitovuni hupungua, navyo huzaliwa vimekufa kwa kukosa hewa.

Akisukuma nusu saa bila kitoto kutoka, mwiteni Bwana Mifugo apime njia kwanza. Sindano ije baadaye, kwa kipimo chake.